Mwana wa Tatu wa Mchungaji Kapteni

Wamaitha ni mdogo wangu wa tumbo moja, kwa hiyo haya sikuyasikia kwa jirani wala sikuyaokota uani baada ya ibada. Niliyaona mwenyewe, nikiwa na akili timamu na miguu iliyovimba. Mimi ni muuguzi. Nimezunguka wodi za Johannesburg miaka kumi na minane, na kitu ninachokijua kuliko dawa zote ni uchovu. Mtu akiniambia niliona mambo kwa sababu nilikuwa nimechoka, humjibu kwamba nimechoka tangu nilipoingia nchi hii, na sijawahi kuona kingine cha namna ile.

Ilianza Jumatano, siku yangu ya mapumziko, mwishoni mwa Januari mwaka juzi. Nilikuwa kwake, mtaa wa Observatory, ghorofa ya tatu, miguu yangu imo kwenye beseni la maji ya chumvi. Watoto wake wawili, Jeremy na Sidney, walikuwa shule. Mumewe Gichuki alikuwa benki, anakoshughulika na kompyuta. Wamaitha alikuwa ameketi kwenye meza ya jikoni na kompyuta yake, na tumbo la miezi saba limemzuia kuisogelea meza vizuri. Tulishajua ni mvulana wa tatu. Joto lilikuwa kali hata mapazia hayakutikisika.

Kazi yake ilikuwa kutafuta nasaba za watu. Alisoma historia, na kwa kuwa historia hapa mjini haina ajira, alijiunga na kampuni moja ya ng'ambo inayowatafutia Wamarekani mababu zao. Wao humtumia picha za nyaraka kuukuu, daftari za ubatizo, wosia, orodha za askari, naye huzisoma na kuupanga mti wa ukoo kwenye tovuti ambayo kila mtu anaweza kuiona. Alikuwa na jicho la kusoma mwandiko mbaya. Nilimwambia mara nyingi kwamba angefaa kusoma mwandiko wa madaktari wangu.

Safari hii alipewa ukoo wa mtu aliyeitwa Elnathan Wickery, wa mji mdogo wa Hadbourne, wakati Amerika ingali koloni la Mwingereza. Huyu bwana alikuwa mchungaji, tena kapteni wa wanamgambo. Jumapili alihubiri, Jumatatu aliwafunza waumini walewale kulenga bunduki kwenye uwanja wa kanisa. Mtu mmoja wa uzao wake, mzee wa siku nyingi, alitaka mti mzima uwe tayari kwa mkutano wa familia yao.

"Mama Valerie, hebu angalia hapa," Wamaitha akaniita. Huniita kwa jina la binti yangu akiwa na furaha, na Maryanne akiwa amenuna. "Huyu mzungu ni Mkikuyu."

Nilicheka. Akanionyesha. Mwana wa kwanza wa mchungaji alipewa jina la babu yake, baba wa mchungaji. Wa pili alipewa jina la baba wa mke wa mchungaji. Ni vilevile tunavyofanya sisi, hakuna kilichozidi wala kupungua. Jeremy wake ana jina la babake Gichuki, Sidney ana jina la marehemu baba yetu.

"Na wa tatu?"

"Wa tatu ndiye ananisumbua. Wameandika 'mwana, aliishi siku tisa' basi. Hana jina. Na mfumo haukubali nafasi tupu, unaniwekea rangi nyekundu." Akajishika kiuno. "Lakini si najua? Wa tatu ni wa kaka mkubwa wa baba. Mchungaji alikuwa na kaka mmoja tu, Ithamar. Huyo ni Ithamar."

"Hakuna aliyeandika hivyo."

"Hata wetu hajaandikwa, na tunajua ni Ndirangu." Ndirangu ni kaka mkubwa wa Gichuki, mwalimu kule nyumbani, Othaya, mzima wa afya. "Nimechoka, Maryanne. Nataka nimalize hii nilale hadi nijifungue."

Ningeweza kumwambia angoje. Kulikuwa na fungu la pili la nyaraka ambalo hawakuwa wamelituma bado, aliniambia mwenyewe. Lakini na mimi nilikuwa nimechoka, na maji ya beseni yalishapoa.

"Basi andika," nikamwambia.

Akaandika. Ithamar Wickery, mwana wa tatu, alizaliwa 1744, akafa baada ya siku tisa. Rangi nyekundu ikaondoka. Tukanywa chai.

Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Siku hizo nilidhani ni methali ya kuwaonya wasengenyaji.

Jumanne iliyofuata alinipigia nikiwa kazini. Alitaka kujua kama nakumbuka alichoandika, kwa sababu yule mtoto hakuwa amekufa tena. Tarehe ya kifo ilikuwa imetoweka. Nafasi yake kulikuwa na mke, aliyeitwa Patience, na mwana mmoja aliyezaliwa 1771, naye ni Ithamar.

Nilimwambia ni watu wa mtandaoni tu. Na kwa kweli ndivyo mambo ya nasaba yalivyo siku hizi. Ukiweka jina leo, kesho watu ishirini wasiokujua wamelinakili kwenye miti yao, na kila mmoja anaongeza lake. Wamaitha alirudisha tarehe ya kifo. Akafuta mke, akafuta mwana. Kisha akawaandikia wote walionakili, miti thelathini na mmoja, akiwaomba radhi kwamba jina lile lilikuwa la kukisia. Wengi hawakujibu. Mmoja alimjibu kwa upole: samahani dada, sisi tulimkuta tayari yupo.

Jumatano mke na mwana walikuwa wamerudi, na mwana amepata mwana. Ithamar, 1800. Alhamisi, Ithamar, 1829, alizaliwa baharini. Ijumaa, Ithamar, 1858, Rasi ya Tumaini Jema. Kila siku kizazi kimoja. Wamaitha alinitumia picha ya kila kimoja bila neno, na mimi nikawa nazifungua kwenye chumba cha dawa, nimegeukia ukuta wenzangu wasione uso wangu.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuniambia hadi Jumamosi. Sakafu yao ni ya mbao. Alhamisi asubuhi, watoto wameshaenda shule, alikuta alama za maji kuanzia mlangoni hadi sebuleni. Alidhani ni Sidney ametoka bafuni bila kujikausha. Akachukua kitambaa akapangusa. Maji yalikuwa baridi hata vidole vikamwuma. Na alama zile zilikuwa za mguu mmoja tu, wa kulia, wa mtu mzima. Kushoto kulikuwa na mfereji wa maji, kama wa kitu kinachoburutwa.

Jumamosi hiyohiyo fungu la pili la nyaraka likafika. Ndani yake mlikuwa na shajara ya mchungaji na wosia wake.

Nilikwenda kwao Jumapili kutoka kanisani. Gichuki alikuwa amewapeleka watoto kucheza bustanini. Tukafunga mlango wa jikoni, Wamaitha akanisomea akitafsiri, kidole chake kikifuata mstari. Ithamar, kaka mkubwa, alikuwa askari katika kikosi cha mdogo wake. Katika majira ya baridi walikuwa wakirudi kutoka vitani kaskazini, wamezama kwenye theluji, wanafukuzwa. Ithamar akapigwa risasi ya goti la kushoto. Asingeweza kutembea, na kumbeba kungewachelewesha wote. Kapteni akafanya uamuzi wa kapteni. Akamwachia blanketi na bunduki. Halafu akageuka kuwa mchungaji, akamwombea, akaondoa kikosi.

"Ameandika kwamba walimsikia akimwita kwa maili nzima," Wamaitha akaninong'oneza. "Hakuwa akilia. Alikuwa akisema atarudi. Kwamba wakimwachia mlango wowote wazi, atarudi."

Mwana wa tatu alizaliwa majira ya kuchipua yaliyofuata. Kila mtu pale Hadbourne alijua jina lake lingekuwa nani. Baba yake alikataa kulitamka. Akakataa kumbatiza kwa jina jingine pia, na mtoto akafa siku ya tisa, hana jina. Miaka mingi baadaye, kwenye wosia, baada ya kugawa mashamba na ng'ombe, mchungaji aliongeza mstari mmoja kwa mkono wake mwenyewe. Jina la kaka yangu asipewe mtoto yeyote wa uzao wangu, wala lisiandikwe palipoachwa wazi.

Wamaitha akafunga kompyuta. Nilimwona jinsi alivyokonda usoni kwa siku kumi tu.

"Nimeandika palipoachwa wazi," akasema.

Nilitaka kumpa moyo, nikafanya ninachojua. Nikaweka mkono wangu tumboni mwake.

Lilikuwa baridi.

Nimeshika matumbo ya wajawazito wengi. Huwa ya moto, hasa miezi ile, hasa joto la Johannesburg likiwa vile. Hili lilikuwa kama chupa iliyotolewa kwenye friji. Nikampima joto kwapani, likawa sawa na langu. Nikatoa kifaa changu cha kusikiliza moyo wa mtoto. Ulikuwa unadunda vizuri, taratibu, bila wasiwasi. Nikampangusa jeli, nikamfunika leso, nikamwambia mtoto yuko salama. Niliogopa, na nilijichukia kwa jinsi sauti yangu ilivyotulia.

Jioni ile tulimweleza Gichuki. Ni mtu wa mzaha, haogopi kitu, aliwahi kuuziwa dawa ya mapenzi pale Joubert Park akaitia kwenye chai mbele ya muuzaji. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema mtandao umejaa wendawazimu na kwamba atalizuia hilo jina kwa njia ya kitaalamu. Alikesha nalo siku tatu mfululizo. Hakuzuia chochote.

Kizazi cha 1888 kilizaliwa Johannesburg, mwana wa mhandisi wa migodi. Cha 1919, Jeppestown. Cha 1950, Joubert Park. Jumanne kikaja cha 1984, Observatory. Anwani iliandikwa kamili. Ilikuwa mtaa wao uleule, jengo lao, namba ya nyumba yao.

Hawajawahi kukaa hapo watu wa jina hilo. Gichuki alimuuliza mlinzi, aliyekuwepo miaka yote. Hakumkumbuka mtu kama huyo.

Jumatano kikafunguka kisanduku cha mwisho. Jina, Ithamar. Baba, Ithamar. Mama, Wamaitha. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa Ijumaa, kesho kutwa.

Gichuki aliangalia skrini ile. Nilingoja aseme kitu cha kuchekesha. Akasema, "Miezi saba hana mapafu ya kutosha, sivyo?"

"Wengine huishi," nikamjibu.

"Nimeuliza kuhusu wetu."

Alhamisi niliomba ruhusa, nikampeleka Wamaitha kliniki. Wakampima kila kitu. Hakuna shida. Mlango wa uzazi umefunga, mtoto analala vizuri, mama apumzike. Daktari kijana alipogusa tumbo aliurudisha mkono wake haraka, akauliza kama kiyoyozi kiko juu sana. Kanisani wakatuombea kwa simu. Wamaitha hakulia. Alikuwa amefika pale ambapo mtu hana nguvu hata ya kulia. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Maryanne, akizaliwa kesho, sitajua kama ni wangu. Nitamnyonyesha na sitajua."

Hilo ndilo lililokuwa mbele yetu. Sikuogopa tena mzimu. Niliogopa dada yangu kubeba mtoto miaka yote huku akimtazama usoni hivyo.

Ijumaa nilikuwa zamu. Saa nne na nusu asubuhi simu ikaita, Gichuki.

"Uchungu umeanza. Ambulensi wamesema saa nzima." Akapunguza sauti. "Nimempigia mamangu."

Mamake Gichuki tunamwita Shosho, yaani bibi, sote, hata sisi tulio wazee. Ni mama wa kanisa, hajui mtandao wala Amerika. Gichuki alikuwa ameona haya kumwambia siku zote hizo. Baadaye alinisimulia jinsi Shosho alivyosikiliza hadi mwisho, akasema, "Mmempa mtu jina hamkumpa mwili. Mlidhani atautafuta wapi?"

Kisha akawaambia la kufanya. Yule wa tumboni ana mwenyewe. Ndirangu wa Othaya yuko hai na jina lake linamngoja mtoto. Basi mtoto apokewe sasa hivi, kabla hajapokewa na mwingine. Kwetu mtoto akizaliwa wanawake humpokea kwa vigelegele, vitatu kwa msichana, vitano kwa mvulana. Vipigwe ndani ya nyumba, na mwanamke aliyezaa, wa damu ya mama. Simu haifai. Mwanamke huyo alikuwa mimi.

Niliendesha gari na sare yangu ya kazi. Roboti, taa za barabarani, zilikuwa zimezimika njia nzima, kila makutano watu wanagombana kwa honi. Eish, nililia kwenye usukani. Nilipofika, lifti haifanyi kazi. Ghorofa tatu. Nina miaka hamsini na mbili, na mwili wangu sio wa ngazi. Nilipanda nikishika ukuta.

Mlango ulikuwa wazi.

Nilihisi baridi kabla sijaingia. Nje jua lilikuwa linachoma lami. Ndani nikaona pumzi yangu.

Na alama za maji zilikuwepo. Mguu wa kulia. Mfereji. Mguu wa kulia. Mfereji. Zilipita sebuleni. Zilipita mlango wa jikoni. Ziliingia chumba cha kulala.

Nikazifuata, kwa kuwa sikuwa na njia nyingine.

Wamaitha alilala ubavu, anauma mto. Gichuki amepiga magoti kando yake, macho ameyafumba, simu mkononi, sauti imefunguliwa. Alama za maji ziliishia upande wa pili wa kitanda. Pale palikuwa na alama ya mguu mmoja uliosimama. Maji yalikuwa bado yanatanuka sakafuni kuuzunguka.

Hakukuwa na mtu.

"Amefika?" Shosho akauliza kwenye simu.

"Nimefika."

"Baba, taja jina."

Gichuki akasema bila kufumbua macho, "Huyu ni Ndirangu wa Gichuki."

"Mpokeeni."

Sikuwa na pumzi. Nilivuta hewa ile ya barafu, ikanikata kifuani, nikapiga cha kwanza. Kilitoka kibaya, cha mtu anayekabwa. Nikapiga cha pili. Wamaitha akanishika mkono, mkono wake baridi, akaubana. Cha tatu. Upande wa pili wa kitanda shuka likabonyea taratibu, kama mtu anapoketi akiwa na goti bovu. Nikafumba macho. Cha nne.

Baada ya cha nne pumzi ikakatika.

Niliinama. Nilishika kabati. Nilifungua kinywa na hakikutoka kitu. Nilivuta tena, hakuna. Masikio yalikuwa yanavuma. Niliwaza, moja tu, Bwana, nipe moja tu.

Ndipo kikasikika cha tano.

Kilikuwa kirefu. Kilianza chini, kikapanda, kikatetemeka mahali panapotakiwa kutetemeka. Kilipigwa na mtu ambaye hajawahi kupiga kigelegele maishani mwake, lakini amesikiliza vinne kwa makini sana. Kilitoka upande wa pili wa kitanda.

"Tano," Shosho akasema kutoka Othaya. Alikuwa analia. "Tano. Ni mvulana wa nyumba yetu. Mungu awabariki."

Uchungu ukakatika palepale. Wamaitha akaachia mto. Akageuka chali, akaweka mkono tumboni, akaanza kulia, kilio cha mtu aliyefunguliwa. "Ni moto," akasema. "Gichuki, shika. Ni moto." Gichuki akashika, akacheka huku kamasi zinamtoka. Nikashika na mimi. Lilikuwa la moto, tumbo la mjamzito wa mwezi wa pili Johannesburg, na mtoto akanipiga teke kiganjani.

"Asante, dada," Wamaitha akaniambia. "Cha mwisho ulikivuta sana. Sikujua una pumzi hiyo."

Ningesema wakati ule. Nilikuwa na nafasi. Lakini nilimtazama uso wake, nikaona kwa mara ya kwanza baada ya majuma mawili una rangi. Na nilikuwa nimechoka. Nilijiambia nitasema kesho, akishapumzika.

Ambulensi ilifika, tukampeleka hospitali, wakatuambia hakuna uchungu wowote na kwamba tumewapotezea muda. Tuliporudi mchana, Gichuki akafungua tovuti. Akina Ithamar wote walikuwa wamefutika, kuanzia wa 1744 hadi wa mtaa wao. Wale watu thelathini na mmoja nao hawakuwa naye. Palibaki mchungaji na mkewe, wana wawili wenye majina, na wa tatu, mwana, aliyeishi siku tisa. Nafasi ya jina ilikuwa tupu na mfumo haukulalamika.

Walifurahi sana. Walinunua kuku. Mimi nilichukua kitambaa nikaenda kupangusa sakafu, kwa sababu watoto walikuwa karibu kutoka shule na sikutaka waone. Nilianzia mlangoni. Nilipangusa polepole, nikihesabu, mguu na mfereji, mguu na mfereji, hadi chumbani, hadi kwenye ile alama ya mwisho kando ya kitanda. Nyayo zilikuwa zimeingia. Nikatafuta za kutoka. Nilipiga magoti nikachungulia chini ya kitanda, nikaangalia varanda, nikarudi hadi mlango wa nje na taa ya simu.

Za kutoka hazikuwepo.

Ndirangu alizaliwa Aprili, kilo tatu na nusu, sauti ya kuamsha wodi nzima. Ni mtoto mzuri. Hana kasoro, na mimi nimemkagua kwa macho ya muuguzi na kwa macho ya mama mkubwa aliyebeba siri. Magoti yake yote mawili ni mazima. Wamaitha anamtazama jinsi nilivyoomba amtazame, bila shaka yoyote. Akimnyonyesha alikuwa akiimba. Alishaacha kazi ya nasaba, sasa anafundisha.

Ile kesho yangu ya kusema haijafika. Mara nyingine tukipika pamoja hukaribia. Kisha naona atanijibu nini, na naona miaka yote itakayofuata, na nakata vitunguu. Mtu mmoja akichoka inatosha katika familia.

Jumamosi wananiachia mtoto, waende sokoni na wale wakubwa. Hucheza sebuleni kwangu na vifuniko vya sufuria, ananigeuzia mgongo, anajisemea maneno yake. Ana miaka miwili na masikio makali, akisikia karatasi ya biskuti ikichakarishwa jikoni anakimbia. Chakula kikiwa tayari humwita. Ndirangu, nasema. Huja. Kila mara huja, anacheka, mikono juu nimbebe.

Lakini kwanza huacha kucheza, akatulia kidogo akiangalia pembeni yake pasipo na mtu, kama mtoto aliyefundishwa adabu, anayempa mkubwa wake nafasi ya kuitika kwanza.